UZI: Kipande gani cha tamthilia kilikutoa machozi ukashindwa kujificha?

#1 Mtoto wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Jana usiku mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka kumi na tatu, aliniomba simu aangalie vichekesho. Nikampa, nikaendelea kubangua korosho zangu barazani. Akacheka, akacheka, halafu kimya. Nikageuka nikamkuta simu ameishika karibu kabisa na uso, mdomo unamtetemeka.

Nikaichukua nione anaangalia nini. Kumbe ni The Fresh Prince of Bel-Air, ile sehemu ya mwaka 1994 ambayo baba yake Will, Lou, anaibuka baada ya miaka kumi na minne. Dereva wa lori. Anamwahidi kijana kwamba watazunguka pamoja na lori lake, kijana anafungasha begi kwa furaha. Halafu yule baba anataka kuondoka zake bila hata kumuaga, amwachie ujumbe tu. Will anaingia na begi mkononi anamkuta. Lou anamuaga kwa kumwita mwanangu. Will anamjibu kwa kumwita Lou. Si baba tena. Lou.

Akishatoka ndipo kijana anaanza kujitetea. Nilijifunza kuendesha gari bila yeye, kunyoa ndevu bila yeye, siku zote za kuzaliwa hakuleta hata kadi, nitaoa, nitazaa, nitakuwa baba bora kumshinda. Sauti inapanda, inapanda, mwisho inakatika, anauliza kwa nini mzee hamtaki. Uncle Phil anamvuta kifuani. Kofia inaanguka. Kamera inaondoka taratibu inakwenda kwenye kisanamu kidogo cha baba na mtoto, zawadi aliyokuwa amemnunulia baba yake.

Mimi nimeiona hiyo zaidi ya mara kumi tangu enzi za DVD, na jana nililia tena mbele ya mtoto. Baba yake alienda Dar, mwaka wa tatu huu, simu haishiki. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, huyo mzee anayemkumbatia ni nani yake?" Sikumjibu vizuri.

Nasema hakuna kipande cha televisheni kinachozidi hiki. Mwenye chake alete, na aeleze kwa nini kilimpiga.

#2 Nahodha Msangamkuu

Pole na mpwa, mkuu. Lakini sikubaliani.

Chukua msimu wa kwanza wa ile tamthilia ya 24, ule uliomalizika Marekani mwaka 2002. Jack Bauer anakimbia saa ishirini na nne kuokoa mke na binti. Binti anapona. Mke, Teri, anamkuta amefungwa kwenye kiti, ameshapigwa risasi na Nina, mtu wa ofisini kwake mwenyewe. Anampakata, anamwomba radhi, saa inahesabu sekunde bila ule mlio wake wa kawaida. Kimya kabisa.

Sisi tuliiona kibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi, TV ya chogo. Tulilelewa na imani moja tu: stelingi hafi, na mke wa stelingi hafi. Siku ile ilisikika jenereta peke yake nje. Mwenye kibanda alikaa muda mrefu ndipo akawasha taa, na naamini alifanya makusudi, ili watu wazima wapate muda wa kujifuta.

Maelezo yangu ni hayo: tunalia pale ahadi inapovunjwa. Ukijua toka mwanzo atakufa, hulii.

#3 BintiKilwa

Nahodha, hiyo nadharia yako haisimami. Mimi nilijua Soseono ataondoka, niliambiwa na kaka zangu kabla, na bado nililia hadi nikaumwa kichwa.

Jumong, ile tamthilia ya Kikorea, sehemu ya mwisho kabisa, ya 81. Soseono na mumewe Jumong wameshajenga ufalme pamoja, kwa mali yake Soseono, watu wake, akili yake. Yule mke wa kwanza Yesoya ambaye wote walidhani amekufa anarudi na mtoto wake Yuri. Soseono ana watoto wake wawili, Biryu na Onjo. Anaangalia mbele, anaona siku moja hawa watoto watagombana juu ya kiti. Anaamua kuchukua watu wake aende kusini akaanze upya. Jumong amesimama anamwangalia, jeshi zima limesimama, na hakuna hata mmoja mwenye kosa!

Hapo ndipo palinimaliza. Hakuna wa kumchukia.

#4 Ticha wa Newala

Habari zenu. Nimesoma #1 mara mbili na nina la kusema juu ya swali la mtoto, maana naona limepita bila kujibiwa.

Uncle Phil si mjomba. Tunapotoshwa na neno la Kiingereza. Mjomba ni kaka wa mama. Phil ni mume wa Vivian, na Vivian ni ndugu wa tumbo moja na Vy, mama yake Will. Mume wa mama mkubwa au mama mdogo kwa Kiswahili chetu ni nani? Ni baba. Baba mkubwa au baba mdogo, lakini neno la kwanza ni baba.

Kwa hiyo angalia upya kile kipande. Kijana analia kwamba hana baba, na anayemkumbatia, kwa lugha yetu, anaitwa baba. Hiyo imo kwenye Kiswahili, kwenye Kiingereza haimo.

#5 Korosho Ghafi

Ticha 🙌 umenifungua macho.

Mimi naongeza tu: pale Will Smith hakuwa anaigiza. Nimesoma mahali kwamba baba yake wa kweli alimtelekeza, akasahau maneno ya mswada akamwaga ya moyoni mwake. Ndiyo maana inauma vile.

#6 Kijana wa Ligula

Korosho Ghafi, hiyo habari inazunguka sana mitandaoni na si kweli. Baba yake Will Smith, Willard Carroll Smith mkubwa, alimlea Philadelphia, alikuwa na biashara yake ya majokofu, amefariki mwaka 2016. Wazazi walitengana ndiyo, lakini mzee hakupotea. Yale maneno yaliandikwa kwenye mswada.

Na Will mwenyewe ameshasimulia kwamba wakati wamekumbatiana, James Avery, aliyecheza Uncle Phil, alimnong'oneza sikioni kwamba sasa huko ndiko kuigiza. Yaani alikuwa kijana aliyekuwa akimwogopa yule mzee wa jukwaani na kutaka sana kibali chake, akapewa kibali mle mle ndani ya kumbatio. Avery alifariki tarehe 31 Desemba 2013. Kwangu mimi ukweli huu unaniliza kuliko ule uzushi.

#7 Korosho Ghafi

Nimepokea sahihisho, asante. Lakini swali linabaki: kama ni kuigiza tu, mbona tunalia?

#8 Mama Chikongola

Hamjambo wanangu. Mnazungumza vya juzi. Mimi nakwenda Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini, ITV, miaka ya 2000 na kitu. Pale mtaani kwetu TV ilikuwa moja, kwa mzee mmoja mwenye duka, anaigeuzia uwanjani tunakaa mchangani na mikeka.

Kulikuwa na yule binti Nandipha anayegundulika ana virusi vya UKIMWI. Wakati ule huku kwetu mtu akiugua hivyo chakula anasogeziwa kwa mguu. Samahani kwa kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tukamwona yule binti mzuri, msomi, anaishi, anafanya kazi, analia, anacheka. Kiingereza chenyewe wengi wetu hatukielewi. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamwona analia kwa namna ambayo si ya filamu. Kesho yake asubuhi aliniomba nimsindikize kupima.

Yuko hai, ana wajukuu. Masikini yule dada wa Isidingo mwenyewe nasikia aliugua kweli akafa.

#9 BintiKilwa

Shikamoo mama. Hiyo imenigusa sana.

Ila hapo mwisho umechanganya wawili. Nandipha alichezwa na Hlubi Mboya. Aliyefariki ni Lesego Motsepe, aliyecheza Letti Matabane. Mwaka 2011 alisimama hadharani akasema anaishi na virusi, akafariki Januari 2014. Watu wengi wanachanganya kwa sababu mmoja aliyaigiza na mwingine aliyaishi, ndani ya tamthilia ile ile.

#10 Mama Chikongola

Marahaba mwanangu. Kumbe. Miaka yote hii nimemwombea dua mwenye jina sio. Sasa namjua wa kumwombea.

#11 Fundi Dishi

Nimefunga ving'amuzi Mtwara nzima mpaka Tandahimba na Nanyamba. Nimeingia kwenye nyumba za watu wakati wa tamthilia, naona mengi. Niwaambie siri: kinacholiza ni SAUTI YA KISWAHILI.

Zamani mnaangalia kwa kusoma maandishi chini, au wale watafsiri wa filamu kina Lufufu wanawaelezea. Unajua kinachotokea lakini moyo uko mbali. Azam walipoleta Sultan, ile tamthilia ya Kituruki, kwa sauti za Kiswahili, ndipo nikaanza kukuta vikongwe wamekaa mstari wa mbele. Mtu akisema "mwanangu" kwa Kiswahili, inaingia bila kupita kichwani.

#12 Mama Chikongola

Fundi, mbona nimesema sasa hivi tulilia na Isidingo kwa Kiingereza tusichokielewa?

#13 Fundi Dishi

Mama, hapo mlilia na mdogo wako, si na Isidingo.

#14 Mama Chikongola

Hapana. Nilianza kulia kabla sijamgeukia.

#15 Mwanaharusi wa Mitengo

Fundi Dishi ana haki kwa sehemu. Nisimulie ya bibi yangu.

Bibi ana zaidi ya miaka themanini, hasomi, na alikuwa anadharau TV. Sultan ikamshika. Alimpenda shehzade Mustafa, mtoto mkubwa wa mfalme Suleiman, tangu akiwa mdogo kwenye tamthilia. Alikuwa anamwita mjukuu wangu. Ikafika ile sehemu ya hema. Baba yake amemwita kambini. Watu wote wanamwambia usiende, unaitiwa kifo. Yeye anasema baba hawezi kuniua. Anavua silaha, anaingia mikono mitupu.

Bibi alisimama. Mtu ambaye huinuka kwa kushika ukuta, alisimama wima katikati ya sebule, kanga imemdondoka begani, anaiambia TV, "Asiingie! Mwambieni asiingie humo!" Mle ndani wanamsubiri wale wanyongaji na kamba zao, na baba yuko nyuma ya pazia anasikia kila kitu. Mustafa anamwita. Baba hatoki.

Baadaye Suleiman anakaa na maiti na kusoma barua aliyoikuta kifuani kwa mwanawe. Bibi hakuona hapo. Alishatoka nje, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anaangalia mnazi. Tukamwachia. Usiku ule hakula.

#16 Ticha wa Newala

Na hilo halikutungwa. Mustafa aliuawa mwaka 1553, karibu na Ereğli huko Konya, hemani kwa baba yake kweli. Mdogo wake Cihangir, yule mwenye kibiongo, alifariki wiki chache baadaye mwaka huo huo, na simulizi nyingi zinasema ni kwa majonzi. Sehemu hiyo iliporushwa Uturuki mwaka 2014 watu walimiminika kwenye kaburi la Mustafa huko Bursa kumsomea dua. Miaka mia nne na sitini baada ya kifo!

Kwa hiyo sauti ya Kiswahili haitoshi kuwa sababu. Waturuki walilia kwa Kituruki.

#17 Fundi Dishi

Ticha, unanisaidia bila kujua. Walilia kwa lugha YAO.

#18 Nahodha Msangamkuu

😂😂 Hapo Ticha umepigwa bao.

#19 Mzee wa Ruangwa

Salaam. Mimi si mwandishi mzuri, vijana mnisamehe.

BintiKilwa ameitaja Jumong lakini ameruka kwa Soseono. Kuna Haemosu. Shujaa wa jeshi la Damul, alipofushwa macho kwa chuma cha moto, akafichwa kwenye gereza la pangoni miaka ishirini. Wote wanajua amekufa. Jumong anamkuta, kijana mwoga wakati ule, hajui hata kushika upanga. Kipofu ndiye anamfundisha. Wanakula pamoja, wanacheka pamoja. Wala hawajuani kwamba ni baba na mwana. Wana wa mfalme wanamuua yule mzee. Jumong anamlilia kama mwalimu wake. Ni baadaye ndipo mama yake Yuhwa anamwambia yule alikuwa baba yako.

Mimi nilikuwa mlinzi wa usiku miaka kumi na tisa. Watoto wangu walikua mimi nimelala mchana. Naliona lile pango naona chumba changu na pazia jeusi. Mwanangu wa pili ndiye aliyeniletea hizo DVD, tukaangalia wote zikaisha. Tulipofika hapo alizima akasema baba tupumzike kidogo. Akatoka nje. Mimi pia nilihitaji atoke.

#20 Kijana wa Ligula

Shikamoo mzee. Asante kwa hii.

Mimi nafanya kazi wodini. Naona misiba ya kweli kila wiki na sitoi chozi, siwezi, nina wagonjwa wengine. Narudi nyumbani saa mbili usiku, nakula, naweka tamthilia yoyote, mtu anaagana na mama yake kituo cha basi, nalia kama mtoto. Si kwa sababu kipande ni kizuri. Ni kwa sababu ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayenisubiri. Chozi lilikuwepo tangu asubuhi, TV ni mlango tu.

Kwa hiyo nadhani tunakosea kuuliza kipande gani. Tuulize saa ngapi.

#21 Korosho Ghafi

Mkuu wa Ligula nakupinga kidogo. Mbona sote tunataja vipande vile vile? Baba na mtoto, baba na mtoto, baba na mtoto. Will, Haemosu, Mustafa. Kama ni uchovu tu tungelia hata kwenye tangazo la sabuni.

#22 Nanyumbu One

Mimi nimewahi kulia kwenye tangazo la sabuni. Mama anamfulia mtoto sare ya shule. Mama yangu alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma.

#23 Korosho Ghafi

Pole sana ndugu yangu. Nimenyamaza.

#24 Mtoto wa Mikindani

Wakuu nimerudi, nilikuwa shambani. Uzi umekimbia.

Ticha, nimemwambia mpwa wangu maneno yako ya #4. Akafikiri, akasema, "Basi na wewe si baba yangu, wewe ni mjomba tu?" Nikakwama. Nifanyeje hapo?

#25 Ticha wa Newala

Mwambie asikose usingizi. Kwetu Wamakonde, na Wamwera na Wayao vilevile, ukoo unafuata mama. Njomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye alikuwa anasimama jandoni, ndiye anaozesha, ndiye anaulizwa kesi ikitokea. Baba anaweza kwenda Dar akarudi asirudi. Njomba haendi popote kwa sababu ukoo ndio yeye. "Mjomba tu" ni neno lisilokuwepo huku kusini.

#26 Mzee wa Ruangwa

Ticha amesema sawa. Ila baba naye asisahaulike hivyo.

#27 BintiKilwa

Mzee, umesema kwa upole kitu kizito.

#28 Mpenzi wa Nairobi

Nimechelewa. Hakuna aliyemtaja Nairobi wa Money Heist?? Aprili 2020. Anaponea mara ya kwanza, amefanyiwa upasuaji, tunapumua, halafu yule mlinzi Gandía anamuua. Mwanamke aliyetaka tu kurudishiwa mtoto wake. Shule zilikuwa zimefungwa, tuko nyumbani wote, tulilia dada watatu kitanda kimoja. Naishia hapo.

#29 Nahodha Msangamkuu

Unaona? Aliponea kwanza, halafu akauawa. Ahadi iliyovunjwa. Nadharia yangu bado iko hai.

#30 Wa Masasi Asilia

Niwatoe kidogo kwenye tamthilia. Kwangu mimi televisheni iliyoniliza ni Julai 2020, Mzee Mkapa akirudishwa Lupaso. Tarehe 29. Sisi wengine tulikuwa kule kule kijijini, lakini umati ulikuwa mkubwa, nikarudi nyumba ya jirani nikaangalia kwenye TV kitu kinachofanyika umbali wa kutembea kwa mguu. Naona mwembe ninaoujua. Naona njia niliyopita asubuhi.

Na mjue jambo hili. Mwaka 1999 Oktoba 14, ni Mkapa aliyetutangazia kifo cha Mwalimu, sauti inamkwama. Mwaka 2020 ni Magufuli aliyetutangazia cha Mkapa, usiku. Mwaka 2021 Machi 17 ni Mama Samia aliyetutangazia cha Magufuli, usiku pia. Mtangazaji wa jana ndiye anayetangazwa kesho. Hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu.

#31 Fundi Dishi

Mkuu heshima kwa hilo, lakini mada ni tamthilia. Msiba wa kweli si kipande.

#32 Wa Masasi Asilia

Fundi, nilikuwa hatua chache na nilikuwa sijalia. Nililia nilipoona kwenye kioo. Kwa hiyo ni mada ile ile. Kuna kitu kioo kinafanya.

#33 Kijana wa Ligula

Hapa naungana na wa Masasi. Ukiwa msibani una kazi: kubeba viti, kupokea wageni, kuchimba. Kwenye kioo huna kazi, umebaki na macho tu.

#34 Nahodha Msangamkuu

Au jando. Tuliambiwa kule mwanaume halii, maumivu yanakatwa kwa wimbo, ngoma inapigwa sauti yako isisikike. Ukiwa msibani wanaume wenzio wanakuangalia. Kibandani giza, kila mtu anaangalia mbele. Nimebadilisha nadharia yangu kidogo, au nimeongeza ya pili. Msinishike kwa hilo.

#35 Mwanaharusi wa Mitengo

Na sisi wanawake ambao tunaruhusiwa kulia msibani? Mbona tunalia na kwenye TV? Bibi yangu amezika watoto wanne. Anajua kulia.

#36 Nahodha Msangamkuu

Hapo sina jibu, dada.

#37 Korosho Ghafi

Niulize kuhusu Soseono maana BintiKilwa alisema hakuna mwenye kosa. Mimi niliona ameshindwa. Mke wa kwanza karudi, akaona hana nafasi, akaondoka. Si ndivyo?

#38 BintiKilwa

Ngoja nikujibu vizuri kaka, maana hili nalijua mwilini.

Mama yangu alikuwa mke wa pili. Baba alikuwa na shamba la mikorosho, na bi mkubwa alikuwa na watoto wa kiume wawili, mama naye wawili, na mimi wa tatu. Kaka zangu walipoanza kubalehe, msimu wa mavuno mmoja waligombana na wenzao juu ya mstari wa mikorosho, panga likatoka. Hakuumizwa mtu. Lakini usiku ule mama alikaa jikoni hajawasha moto. Alfajiri alimwambia baba, "Naondoka nikiwa bado nakupenda, kabla watoto hawajafanya nikuchukie." Baba alilia mbele yetu. Bi mkubwa alimfungia mama unga wa muhogo na ming'oko ya njiani, akamshika mikono yote miwili. Tukapanda gari tukaja Kilwa Masoko na cherehani ya mama ya mkono, kaka yangu ameishika mapajani safari nzima kwa sababu mama alikataa ipandishwe juu kwenye keria.

Cherehani ile ilitusomesha. Soseono hakushindwa. Wanawe wakaenda kusini, na huyo Onjo ndiye aliyeanzisha Baekje, ufalme uliodumu zaidi ya miaka mia sita. Mwanamke mmoja, falme mbili.

Nilipoangalia ile sehemu ya 81 mama alikuwa nyuma yangu anashona. Mashine ilisimama. Sikugeuka. Baada ya muda ikaanza tena.

#39 Korosho Ghafi

Dada, nakubali nilikosea. Mpe mama shikamoo yangu.

#40 Nanyumbu One

"Naondoka nikiwa bado nakupenda." Hili hata kwenye tamthilia sijalisikia.

#41 Mama Chikongola

Na yule bi mkubwa je? Aliyefunga ming'oko. Huyo naye alilia peke yake, hakuna aliyemwona.

#42 BintiKilwa

Bado yuko hai, mama. Wanapigiana simu kila Idi.

#43 Mgeni wa Nachingwea

Jamani mimi niko Jumong sehemu ya arobaini, na mmenitobolea mpaka mwisho 😭 Naomba mkitaja kitu muweke onyo juu.

#44 Fundi Dishi

Pole mkuu. Endelea kuangalia, utalia vilevile. BintiKilwa ameshathibitisha kwenye #3.

#45 Mtoto wa Mikindani

Nimesoma zote. Sauti ya lugha yako, ahadi iliyovunjwa, mtu kukosa kazi ya kufanya, jando, kioo chenyewe. Kila nikikubaliana na mmoja mwingine anaubomoa. Mimi bado nasimama na Will na kile kisanamu, lakini Haemosu wa mzee wetu wa Ruangwa amenikaribia sana.

Dada Mwanaharusi, nina swali. Bibi aliendelea na Sultan baada ya siku ile?

#46 Mwanaharusi wa Mitengo

Hakuendelea. Ikianza anaingia chumbani. Lakini karibu kila juma ananiuliza jambo moja: "Yule mama yake Mustafa alikwenda wapi? Nani alimpokea?" Mimi sijui, namwambia sijafika huko.

#47 Ticha wa Newala

Mwambie hivi, ni historia. Mama yake, Mahidevran, alikwenda Bursa, alikozikwa mwanawe. Miaka mingi aliishi kwa shida, hana kipato cha kutosha. Mfalme aliyefuata, Selim, ndugu wa Mustafa kwa baba, ndiye aliyemrudishia matunzo, na kaburi la Mustafa likajengewa. Alifariki mwaka 1581, miaka ishirini na nane baada ya mwanawe. Amezikwa palepale alipozikwa mwanawe.

#48 Mwanaharusi wa Mitengo

Asante sana Ticha. Yuko macho, naenda kumwambia sasa hivi.

#49 Mzee wa Ruangwa

Utuambie alivyosema.

#50 Mwanaharusi wa Mitengo

Nimemwambia. Alinyamaza, akanifanya nirudie hapo pa kuzikwa pamoja. Halafu akauliza kama kwenye hayo makaburi kuna kivuli.

#51 Ticha wa Newala

Kipo. Panaitwa Muradiye. Kuna miti mikubwa ya zamani bustani nzima.

#52 Mwanaharusi wa Mitengo

Amesema, "Haya." Amelala.